Makaburi ya Kasubi na Daftari la Vijiji Vyetu

Katika toleo hili la ukumbusho Kamati ya Jamii imeniomba niandike juu ya historia. Najua wengi wamezoea kusoma humu taarifa za maji, shule, chakula na salongo ya barabara, na pengine wataona kwamba historia ni jambo la watu walioshiba. Nawaomba wanivumilie hadi mwisho, kwa maana jambo lenyewe linatuhusu sisi kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Msimu wa mvua uliopita tulimzika mzee mmoja wa kwetu Fizi. Alikuwa wa mwisho hapa kambini kati ya wale waliojua jinsi kijiji chetu kilivyoanza: nani alifika kwanza, mashamba yaligawanywa vipi, kila kijito kilipewa jina kwa sababu gani. Tulikuwa tumepatana kwenda kumsikiliza na kuandika baada ya mavuno ya maharage. Maharage yalivunwa, lakini mzee hakutungoja. Siku ya mazishi tulimwuliza mwanawe mkubwa jina la babu wa babu yake, ili litajwe kaburini kama ilivyo desturi yetu. Akainamisha kichwa. Sisi tuliokuwa tumesimama pale tukatazamana, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumsaidia.

Hivyo basi, wakati wajumbe wawili wa kamati tulipokwenda Kampala kwa shughuli za karatasi, tuliona tusirudi kabla ya kupanda kilima cha Kasubi. Tulikuwa tumesikia kwamba hapo kuna watu waliokwisha kupoteza nyumba yao ya kumbukumbu katika usiku mmoja, na wakaijenga tena. Tulitaka kujua waliwezaje.

KASUBI NI MAHALI GANI?

Kasubi ni kilima kilichoko yapata kilomita tano kutoka katikati ya jiji la Kampala. Kabaka Muteesa wa Kwanza, aliyetawala Buganda tangu mwaka 1856, alijenga hapo jumba lake mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo, na tangu siku hiyo jumba likawa makaburi ya wafalme.

Jambo hilo lilikuwa geni. Kabla yake kila Kabaka alikuwa na mahali pake pa kuzikwa. Baba yake, Ssuuna wa Pili, yuko Wamala. Tena kwa desturi ya zamani taya la mfalme lilitengwa na mwili na kuhifadhiwa katika nyumba yake peke yake. Muteesa alizikwa mzima, nyumbani kwake, na waliomfuata wakaja kulala pamoja naye. Kwa hiyo hata mila tunayoiita ya kale ina siku yake ya kuanza, na watu walioianzisha. Tusidhani kwamba mila ni jiwe lisilosogea.

Wasomaji wetu watapenda kujua pia kwamba lugha hii tunayoandikia haikuwa ngeni katika baraza la Muteesa. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika Buganda tangu miaka ya 1840, wakati wa Ssuuna, wakileta nguo na bunduki na kutafuta pembe za ndovu. Muteesa alijifunza Kiswahili na maandishi ya Kiarabu, na Stanley alipofika kwake mwaka 1875 walizungumza kwa Kiswahili.

Nyumba kuu ya Kasubi inaitwa Muzibu-Azaala-Mpanga. Ni nyumba ya duara, na paa lake la nyasi linashuka hadi karibu na ardhi. Upana wake ni kama mita 31. Ukiitazama dari kwa ndani unaona pete kubwa 52, moja juu ya nyingine, zikizidi kuwa ndogo kuelekea kileleni. Kila pete ni ukoo mmoja wa Baganda. Nyuma kuna pazia la nguo ya magome ya mti, na nyuma ya pazia hilo kuna mahali panapoitwa Kibira, maana yake msitu. Huko ndiko wanakolala wafalme, na mgeni haruhusiwi kupita. Nje kuna nyumba ya lango, Bujjabukula, na nyumba ya ngoma, Ndoga-Obukaba, na nyumba za akina mama wanaotunza mahali hapo. Eneo zima ni karibu hekta 27, na sehemu kubwa yake ni mashamba. Mahali patakatifu panalimwa na kuliwa. Hilo lilitupendeza sana sisi watu wa jembe.

WAFALME WANNE, NA WAWILI WALIFIA UGENINI

Ndugu wasomaji, hapa ndipo historia ya Kasubi inapotugusa sisi wakimbizi. Wafalme wanne wamelala pale, na wawili kati yao walikufa mbali na kwao.

Wa kwanza ni Muteesa mwenyewe. Wa pili ni mwanawe Mwanga, aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro. Wote wawili walipelekwa visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Mwili wake ulikaa ugenini miaka saba, hadi uliporudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi karibu na baba yake.

Wa tatu ni Daudi Chwa, aliyewekwa kwenye kiti mwaka 1897 akiwa mtoto mchanga na kutawala hadi alipofariki mwaka 1939.

Wa nne ni mwanawe Edward Muteesa wa Pili. Huyu alionja ugeni mara mbili. Mwaka 1953 gavana wa Kiingereza, Andrew Cohen, alimfukuza nchini, akakaa Uingereza hadi Oktoba 1955. Uganda ilipopata uhuru akawa rais mwaka 1963. Lakini ugomvi wake na Waziri Mkuu Milton Obote ukazidi, na tarehe 24 Mei 1966 jeshi lililoongozwa na Idi Amin likashambulia jumba lake la Mengo. Kabaka alitoroka, akafika London, na huko akafariki tarehe 21 Novemba 1969. Mwaka 1967 serikali ilikuwa imekwisha kuzifuta falme zote za Uganda. Mwaka 1971, baada ya Amin kumpindua Obote, mwili wake uliletwa nyumbani na kuzikwa Kasubi.

Yafaa tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1969, mwezi wa Septemba, viongozi wa Afrika walitia sahihi mjini Addis Ababa mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974, na siku hiyo ya Juni ndiyo tunayoiadhimisha hapa kambini kila mwaka. Kumbe hata mfalme mwenye jumba na walinzi anaweza kuamka asubuhi akiwa mtu wa mji na kulala usiku akiwa mkimbizi.

Sasa tujiulize. Kwa nini miili hiyo miwili ilirudi? Mwanga hakuwa na jeshi la kumdai. Muteesa wa Pili hakuwa na ufalme tena, maana ulikuwa umefutwa kwa sheria. Serikali zilizowarudisha zilikuwa na hesabu zao za siasa, hilo hatulikatai. Lakini hesabu hizo zilikuwa na maana kwa sababu nyumbani kulikuwa na watu waliojua ni nani anayekosekana na mahali pake ni wapi. Kati ya mwaka 1967 na 1993 Buganda haikuwa na Kabaka, na jumba la Mengo lilikuwa kambi ya askari. Hata hivyo, nyumba ya Kasubi iliendelea kuwa na watunzaji, na mikeka iliendelea kutandikwa. Falme ziliporudishwa mwaka 1993, na Ronald Muwenda Mutebi wa Pili akatawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai mwaka huo, mlango haukuwa umefungwa.

MOTO WA MWAKA 2010

Mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliandika makaburi ya Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini orodha haizimi moto. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba ya Muzibu-Azaala-Mpanga iliwaka. Nyasi zilizotandazwa kwa miaka mingi na nguo za magome zilizokauka hazikuhitaji muda. Ndani zimo kumbukumbu nyingi za wafalme, na karibu zote zikateketea. Makaburi yenyewe katika Kibira yalisalimika, kwa kuwa yako chini ya ardhi.

Asubuhi iliyofuata watu walifurika kilimani wakilia. Hasira ilikuwa nyingi, na Rais Museveni alipofika kutazama, pakatokea vurugu na askari wakafyatua risasi. Watu walikufa siku hiyo pale pale walipokuja kuombolezea nyumba. Tume iliundwa kuchunguza chanzo cha moto. Mwezi Julai 2010 UNESCO iliiweka Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kuanzia hapo ilichukua zaidi ya miaka kumi. Ni Septemba 2023, katika mkutano uliofanyika Riyadh, ndipo Kasubi ilipoondolewa katika orodha ya hatari, nyumba kuu ikiwa imejengwa upya.

Wengine watauliza, kwa nini miaka mingi namna hiyo kwa nyumba ya nyasi? Jibu lake ndilo somo kubwa tulilotoka nalo. Nyumba ile haijengwi na mtu yeyote mwenye nguvu za mikono. Kila kazi ina wenyewe. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, chini ya mkuu wao anayeitwa Wabulakayole. Mapambo ni kazi ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Nguo ya magome ina mafundi wake wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, chini ya mkuu wao Kaboggoza. Kwa hiyo pesa peke yake haikutosha. Ilibidi watafutwe wanaojua, ilibidi vijana wafundishwe, na ilibidi kila hatua ifuate miiko yake. Japani ilisaidia, na sehemu ya msaada huo ilikuwa kwa ajili ya kinga ya moto na kurithisha ujuzi wa kuezeka. Mafundi wazee wangekuwa wamekwisha wote kabla ya mwaka 2010, leo pale kilimani pangekuwa na majivu na kibao cha maelezo.

Hivyo basi, kilichoungua Kasubi ni nyumba. Ujuzi wa kuijenga haukuungua, kwa sababu ulikuwa vichwani na mikononi mwa watu walio hai. Kwetu sisi mambo yamekwenda kinyume: nyumba zetu nyingi huko nyuma zimeungua, na ujuzi nao tunauacha uondoke na mzee mmoja mmoja, bila moto wowote.

HABA NA HABA

Katika mikutano yetu ya kamati hoja ya kwanza ni hii: sisi ni maskini, tutahifadhi historia kwa pesa gani? Tuitazame Kasubi tena. Mwaka 2013 Katikkiro wa Buganda, Charles Peter Mayiga, alianzisha mchango uliopewa jina la Ettoffaali. Neno hilo ni lile lile tofali letu. Alizunguka majimbo na vijiji, na watu wa kawaida walitoa kila mtu kwa uwezo wake, mwenye noti na mwenye sarafu, kwa ajili ya makaburi na majengo mengine ya ufalme. Kutoa huko nako kukawa sherehe: ngoma, vikundi vya shule, wazee katika kanzu, akina mama katika gomesi. Mtoto aliyetoa sarafu ana haki ya kusema, "Nami nimejenga."

Sisi hatuhitaji jumba la mita 31. Tunahitaji daftari, kalamu na jioni chache. Nani atasema hatuna jioni?

SHEREHE NAZO NI KITABU

Tumezoea kufikiri kwamba historia imo katika vitabu tu. Buganda ina vitabu vyake. Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikkiro, alichapisha mwaka 1901 kitabu cha wafalme wa Buganda, akikusanya habari kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Bila yeye majina mengi yangepotea. Kabaka wa sasa anahesabiwa kuwa wa 36, na hesabu hiyo inasimama kwa sababu kuna waliokaa chini wakaandika.

Lakini Mganda wa kijijini ambaye hajawahi kukifungua kitabu cha Kagwa bado anajua ukoo wake, mnyama wake wa mwiko na mahali pa mababu zake. Amejifunza wapi? Amejifunza katika sherehe. Mtu akifa, baada ya muda ndugu hukusanyika kwa shughuli wanayoiita okwabya olumbe, ambayo sisi tungeiita kuondoa matanga. Hapo mrithi husimamishwa mbele ya wote, ukoo hutajwa, na watoto husikia nani ni nani. Kila tarehe 31 Julai huadhimishwa kutawazwa kwa Kabaka. Koo hushindana kwa mpira wa miguu, na tangu mwaka 2004 majimbo yana kombe lao linaloitwa Masaza. Kijana anayekwenda kushangilia timu ya jimbo lake anafikiri amekwenda kutazama mpira. Kwa kweli amekwenda kujifunza jimbo lake.

Tufikirie sisi. Huko kwetu kulikuwa na siku ya kula mavuno mapya, siku ya kuwapokea vijana kutoka jandoni, siku ya kuondoa matanga, siku ya kumtoa mtoto nje. Tulipovuka mpaka tulibeba sufuria na mablanketi. Sherehe zile tumezifupisha mwaka hadi mwaka, kwa sababu ya njaa, na pia kwa sababu tulisema, "Tutafanya tukirudi." Kuna watoto wetu ambao sasa wana watoto wao, na hawajaona hata moja. Tukirudi, watafanya nini wasichokijua?

HISTORIA CHUNGU NAYO IANDIKWE?

Hoja ya pili ni nzito kuliko ile ya pesa. Baadhi ya wajumbe walisema, "Mkianza kuandika historia za vijiji, mtaandika pia nani alimchomea nani nyumba. Kambini tumo wote. Mtaleta ugomvi tuliouacha." Hoja hii siidharau. Aliyeitoa amepoteza ndugu, na anajua anachosema.

Hata hivyo, tutazame tena kilima kile. Mwanga aliyezikwa Kasubi kwa heshima ni yule yule aliyeamuru Wakristo wauawe kati ya mwaka 1885 na 1887. Wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na wengine walikuwa vijana wa baraza lake mwenyewe. Leo kila tarehe 3 Juni mahujaji wanafika Namugongo, wengine kwa miguu kutoka nchi jirani, hata kutoka kwetu Kongo. Katika umati huo wamo Waganda wengi ambao pia wanavua viatu wakiingia Kasubi. Hawakumfuta Mwanga ili wawakumbuke mashahidi, wala hawakuwanyamazia mashahidi ili wamheshimu Mwanga. Historia ni moja na ina siku zake mbili.

Jambo lingine: Kagwa aliyeandika kitabu cha wafalme alikuwa mwenyewe mpiganaji katika vita vya dini vya mwaka 1888 hadi 1892, upande wa Waprotestanti. Wanaomsoma leo humsoma wakijua hivyo. Nasi tufanye hivyo hivyo. Daftari la kijiji lisiandikwe na nyumba moja. Mwandishi aandike jina la msimuliaji pale anaporuhusu, na kama wawili hawakubaliani, simulizi zote mbili ziandikwe ukurasa kwa ukurasa, bila mwandishi kuwa hakimu. Na yale yanayoweza kuhatarisha maisha ya mtu aliye hai yakae kwanza kwa wazee. Kasubi nayo ina pazia, na yaliyo nyuma ya pazia hayajasahauliwa kwa kuwa hayaonyeshwi kila mgeni.

SISI NI WAPITA NJIA, TUTAACHA NINI?

Hoja ya tatu husemwa na vijana: "Hapa si kwetu. Kwa nini tuandike mambo ya kambi?" Wanangu, sikilizeni habari hii. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, tangu mwaka 1942, maelfu ya wakimbizi kutoka Polandi waliletwa Uganda, wakawekwa Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya Ziwa Nyanza. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Nao walikuwa wapita njia, na baada ya vita waliondoka. Lakini pale Nyabyeya walijenga kanisa ambalo bado limesimama, na makaburi ya wenzao waliofariki yapo hadi leo. Kwa sababu ya ukuta na makaburi hayo, watu wanajua kwamba walipita, na wajukuu wao wana mahali pa kufika.

Na wenyeji wetu Waganda na ndugu zao wa kaskazini wanajua safari hii pia. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudani, na walirudi miaka iliyofuata. Walikuwa wageni wa baba zetu kabla sisi hatujawa wageni wao.

Makaburi ya kambi yetu mnayajua. Misalaba mingi ni ya miti, na mchwa wa hapa hawana huruma. Baada ya misimu mitatu jina limeliwa. Kama Mwanga na Muteesa, wapendwa wetu nao walifia ugenini, na huenda hakuna serikali itakayowarudisha. Angalau majina yao tunaweza kuyarudisha sisi.

MAPENDEKEZO YA KAMATI

Baada ya majadiliano ya muda mrefu, Kamati ya Jamii imekubaliana mambo yafuatayo, nasi tunawaomba wote mtuunge mkono:

1. Kila kundi la watu waliotoka kijiji au mtaa mmoja lichague watu watatu, mwanamume, mwanamke na kijana, wawe waandishi wa daftari la kijiji. Asiachiwe mtu mmoja. Mtu mmoja akihama au akifa, kazi imekwisha.

2. Daftari lianze na maswali mepesi: Kijiji kilianza lini na kwa nani? Jina lake lina maana gani? Majina ya vijito, vilima na mashamba ni yapi? Nani walikuwa wakunga, wahunzi, mafundi wa mitumbwi, walimu? Sherehe gani zilifanywa, mwezi gani, kwa chakula gani na nyimbo gani?

3. Akina mama wazee waulizwe kwanza. Mara nyingi tunakimbilia wazee wa kiume kwa sababu wao ndio wanaokaa barazani, na kumbe nyimbo, majina ya watoto na mambo ya unyago na uzazi viko kwa akina mama.

4. Kila daftari liwe na nakala mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Tayari tumepoteza daftari moja kwa paa lililovuja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari bila nakala nalo hupotea vivyo hivyo. Wenye simu wapige picha za kurasa na kuzituma kwa ndugu walio mbali.

5. Majina yote ya waliozikwa hapa kambini yaandikwe sasa, pamoja na kijiji alikotoka kila mmoja na upande kaburi lake lilipo.

6. Kila mwaka, baada ya mavuno ya maharage, iwepo siku moja ya vijiji. Kila kijiji kilete wimbo mmoja, chakula kimoja na masimulizi mafupi, na vijana ndio wasimulie huku wazee wakiwasahihisha. Majirani zetu wenyeji waalikwe. Asiye na kitu cha kuleta alete kuni au maji.

Ndugu wasomaji, nilipokuwa nimesimama Kasubi, mama mmoja aliyekuwa akifagia alituuliza tumetoka wapi. Mwenzangu akajibu, "Sisi ni wakimbizi wa Kongo." Mama yule akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Hiyo ni shida yenu. Mimi nimeuliza kwenu ni wapi." Tukamtajia vijiji vyetu, kimoja kimoja, akaitikia kila jina kama anayepokea salamu. Kisha akaendelea kufagia.

Njiani kurudi hatukusema mengi. Nilikuwa nawaza kwamba mimi niliweza kumjibu mama yule. Je, mtoto wangu akiulizwa, atajibu nini?

Kwa hiyo kazi ianze. Madaftari kumi yamekwisha kununuliwa kwa mchango wa wajumbe, nayo yapo katika ofisi ya kamati. Wazee walio hai tunawajua, na nyumba zao tunazijua. Twendeni wiki hii, kabla ya kupanda, tusingoje mavuno tena.

Mwandishi wenu,
kwa niaba ya Kamati ya Jamii